Rangi ya Leleshwa

Nilifika Kiptere mapema kabla ya mazishi ya Senge Rael, na kabla sijamsalimia mtu yeyote nilisikia harufu ya rangi mbichi. Nikasimama langoni na mkoba wangu. Mtu mwingine angefikiri tu kwamba watoto wanatengeneza nyumba kwa ajili ya waombolezaji, jambo ambalo siku hizi linafanywa kila mahali. Mtu anaishi miaka na ukuta uliobambuka, akifa nyumba inapata mabati mapya. Mimi sikufikiri hivyo. Nikisikia rangi mbichi katika nyumba ile macho yangu yanatafuta mlango wa nyuma. Nina zaidi ya miaka hamsini, nina wajukuu, nimefundisha watoto ambao sasa wana watoto wao, na bado rangi mbichi inanifanya nijiulize ni nani anayetakiwa kuondolewa hapa. Sebuleni nilimkuta Kibet, kijana wa nyumba ile, yuko juu ya ngazi na brashi. Alikuwa amekwisha kupaka kuta mbili rangi nyeupe. Kuta nyingine mbili bado zilikuwa na ile rangi ya zamani, kijani kilichofifia kinachoelekea kijivu, rangi ambayo mtu anaweza kukaa nayo chumba kimoja siku nzima asiitambue.

"Karibu, Anti," Kibet akasema. "Usiegemee ukuta."

"Nani amesema nyeupe?"

"Hii ni ya chini tu. Mama bado anafikiria ya juu."

Sikumwamini. Mtu anayetaka kufuta kitu husema hivyo hivyo, kwamba hii ni ya chini tu. Nilivuta kiti nikakaa katikati ya chumba, mbali na kuta zote, nikaangalia ile sehemu iliyobaki. Nilikuwapo ilipopakwa mara ya kwanza. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, miaka ya tisini ikiwa katikati, na mwaka ule wote niliamini kwamba ilikuwa inapakwa ili mimi niozwe.

Senge kwetu ni dada ya baba. Kwa nini alinilea yeye na si mama yangu, hiyo si habari ya leo. Inatosha kusema kwamba alikuwa mjane asiye na mtoto, na shamba la chai lililoshuka mpaka mtoni, na ng'ombe ambao aliwajua kwa tabia zao kuliko alivyowajua Wakristo wenzake. Kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimepata nafasi ya chuo cha ualimu. Nilitakiwa kuripoti mwaka mpya ukianza. Katikati hapo nilichuma chai asubuhi, nikapeleka kikapu kituoni, nikarudi kupika. Nilikuwa nahesabu miezi kimoyomoyo. Chuo kilikuwa kitu pekee nilichokitaka duniani, na mtu anayetaka kitu kimoja tu huona kila mtu amekuja kumnyang'anya.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao kwa nje, ndani imekandikwa na kupigwa plasta, na plasta hiyo haikuwa imewahi kuona rangi. Ukuta wa sebule ulifunikwa kwa kalenda za miaka iliyopita, kwa sababu Senge alisema picha haziishi muda wake. Chini ya kalenda kulikuwa na magazeti, na chini ya magazeti nyufa. Viti vilikuwa na vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe, na juu ya kabati redio iliyofunikwa kitambaa chake pia, utadhani ilikuwa na baridi. Jumamosi moja nikarudi kutoka kituo cha chai nikakuta kalenda zote ziko sakafuni. Vitambaa vilikuwa kwenye kamba, vimefuliwa. Senge alikuwa amesimama mbele ya ukuta mtupu na mikono kiunoni.

"Tunapaka rangi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwani nyumba ikipakwa lazima iwe na kwa nini?"

Ndiyo, lazima. Kwetu miaka ile hakuna aliyepaka sebule bila sababu, na sababu ilikuwa moja. Ukiona mama ametoa kalenda ukutani, amefua vitambaa na ameulizia bei ya rangi, unajua kuna msichana katika nyumba ile na kuna watu wanakuja koito, wazee wa upande wa mvulana kukaa chini na wazee wa msichana wazungumzie ng'ombe. Hakuna anayetaka mtoto wake athaminiwe mbele ya magazeti ya zamani. Mara nyingi jirani walijua kabla ya msichana mwenyewe. Na katika nyumba ya Senge Rael msichana alikuwa mimi peke yangu.

Fundi aliitwa Ouma. Alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwani, mpakaji rangi wa kampuni moja ya chai, na Jumamosi mchana alifanya kazi za watu. Alikuwa na maneno mengi na kofia ya karatasi, na alipenda kutaja vitu alivyopaka kama mtu anayetaja watoto wake. Alipendekeza kile kilichopendwa na kila mtu wakati ule, ukuta nusu kwa nusu, chini kijani kibichi kinachong'aa na juu krimu, na mstari mweusi katikati. Senge akakataa. Akaingia chumbani kwake akatoka na kitu kilichofungwa kwa karatasi ya sukari. Kilikuwa kijiti chenye majani membamba ya kijivujivu, kama yaliyopakwa unga, na harufu yake ilijaza chumba.

"Nataka hii," akamwambia. "Kuanzia chini mpaka juu."

Ouma akakigeuza geuza. "Mama, hii si rangi. Hii ni mti."

"Basi fuata mti."

"Mimi nimepaka nyumba ya meneja. Nimepaka zahanati. Nimepaka hata geti kubwa ya kampuni. Hakuna mtu amewahi kunipatia mti nifuate."

"Sasa umepata."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa jikoni na nilikitambua kile kijiti. Leleshwa haioti kwetu. Kwetu kuna mvua kila siku saa nane, na kijani cha chai kimejaa machoni mpaka mtu anakisahau. Leleshwa ni ya kule chini kwenye ukavu, kuelekea Siongiroi, ambako watu wanafuga na kuuza mifugo na vumbi linakaa juu ya kila jani. Nami nilijua Senge alikuwa amesafiri wiki iliyopita kwa gari la asubuhi akiwa amevaa viatu vya kanisani, na aliporudi alisema alikuwa amekwenda kumwona rafiki mgonjwa. Rafiki gani, hakusema. Sasa nilijua alikwenda wapi. Nikamwona kichwani mwangu huyo mwanaume wa Siongiroi, mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye fimbo na koti refu na meno ya pembeni yaliyopungua. Nilimpa hata kikohozi. Kwa miezi iliyofuata niliishi na mtu yule kuliko nilivyoishi na mtu yeyote wa kweli.

Kuchanganya rangi kuliwachukua Jumamosi kadhaa. Ya kwanza Ouma alitia kijani ndani ya nyeupe, akapaka kipande nyuma ya kabati, Senge akasema hiyo ni dawa ya meno. Ya pili akaongeza nyeusi kidogo, ikatoka ya kusikitisha, kama maji ya kuoshea sufuria. Senge alikuwa anakileta kile kijiti, ambacho sasa kilikuwa kimekauka, anakishika ukutani, anarudi nyuma, anatikisa kichwa. Hatimaye Ouma, ambaye alikuwa amekasirika, alichota kijiko kimoja cha ile rangi nyekundu ya kupaka mabati, akaimimina ndani ya ndoo na kusema kama imeharibika basi imeharibika. Akakoroga. Kijani kikatulia. Senge akashika kijiti ukutani na kijiti kikapotea.

"Ni hii," akasema, na nikaona machozi machoni mwake. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kaburini kwa mumewe, na sasa alilia kwa ajili ya ndoo. Niliogopa sana. Niliona kwamba jambo hili, vyovyote lilivyokuwa, alilitaka kwa moyo wake wote, na kwamba kama lilikuwa ni kuozwa kwangu basi sitaweza kumzuia kwa maneno.

Aliyenifanya niwe na uhakika ni Mzee Joel. Alikuwa ndugu ya marehemu mume wa Senge na shamba lake lilipakana na letu kwa ua wa michongoma, ua ambao kila mwaka ulisogea kidogo upande wetu bila mtu kuusukuma. Alikuwa na wana wakubwa na ardhi haikuwatosha. Alikuja kuangalia rangi kama wengine, kwa sababu Kiptere nzima ilikuwa na maneno kuhusu rangi ile. Wengine walisema Ouma ameitoa stoo ya kampuni. Wengine walisema Senge ameishiwa akaongeza maji. Mzee Joel alikwaruza ukuta kwa ukucha, akanusa kidole, akanusa tena.

"Hii imetoka wapi?"

"Dukani," Senge akasema.

"Duka gani inauza rangi ya vumbi? Hii ni ya kampuni, imepunguzwa makali ndio isijulikane."

"Basi waite kampuni waje waitambue. Na wakinywa chai watakunywa kwako."

Hakuwaita. Lakini jioni, nilipokuwa nakata nyasi za ng'ombe karibu na ua, akaniita kwa sauti ya upole ambayo hakuwa akiitumia kwangu.

"Chelangat. Kuna wageni wanakuja?"

"Sijui, mzee."

"Wewe ndio wanakuja kuona, halafu wewe ndio hujui?" Akacheka kidogo. "Ni vizuri. Msichana akae kwake. Hiyo mambo ya chuo ni ya kupoteza wakati. Rael naye amezeeka, ataangaliwa na sisi."

Nilisikia maneno yale na sikuuliza kwa nini yalimfurahisha. Ningeuliza, ningeona kwamba nikiondoka Senge angebaki peke yake na ua wa michongoma. Lakini nilikuwa na shughuli ya kujihurumia. Tangu siku ile niliuangalia ukuta wa sebule kama mtu anayesoma tangazo lenye jina lake. Nilikula nikiuangalia. Senge akanunua vikombe vipya akavifungia kabatini. Akatenga ng'ombe wake bora, akaanza kuwapa chumvi na kuwaosha, na mimi nikasema moyoni kwamba anatengeneza nafasi ya ng'ombe watakaokuja kwa ajili yangu. Sikujiuliza kama ng'ombe wale walikuwa wanaandaliwa kuingia au kutoka. Kila kitu kilichotokea katika nyumba ile nilikitafsiri upande mmoja, na nilikuwa na akili ya kutosha kufanya kila kitu kikubali.

Kisha akaanza kuja mama mmoja mrefu kutoka Siongiroi, mwenye shanga chache shingoni na sauti ya mtu aliyezoea kuita mifugo. Alikuja na kwenda, na kila alipokuja mimi nilitumwa mbali, mtoni au dukani. Mara moja nilirudi upesi, nikajibanza jikoni, ambako ukuta ulikuwa wa mbao tu na maneno yalipita bila taabu. Nilikuwa nimeshika sotet, kibuyu cha maziwa, na kijiti cha mkaa wa mti wa senetwet wa kukisugulia ndani, ili nikikutwa niwe nafanya kazi.

"Na wa hapa anajua?" mama mrefu aliuliza.

"Hajui," Senge akajibu. "Atajua siku yenyewe."

"Akileta shida?"

"Atazoea. Nimemlea mimi, namjua. Mwanzo atanuna, halafu atazoea."

"Na kanisa?"

Nikasikia Senge anaweka kikombe chini. "Kanisa wataniondoa kwa kiti. Wacha waniondoe."

Hilo la kanisa halikuingia katika hesabu yangu hata kidogo. Kwa nini akina mama wa kanisa wamwondoe mtu kwa kuoza msichana? Walikuwa wanaoza wasichana wao kila Desemba, na kwaya ikaimba. Lakini sikusimama hapo. Nilisikia tu "wa hapa" na "atazoea", nikakisugua kile kibuyu mpaka mkono ukauma. Siku iliyofuata nilitoa mfuko wangu wa shule chini ya kitanda, nikatia nguo mbili, sweta, sabuni na vyeti vyangu, nikaurudisha. Mpango wangu ulikuwa kwenda Chepseon, kwa msichana tuliyesoma naye, nikae huko mpaka chuo kifunguliwe. Nilikuwa na hasira, na ndani ya hasira kulikuwa na huzuni ambayo bado naikumbuka vizuri, kwa sababu nilimpenda Senge kuliko mtu yeyote, na nilikuwa najifunza kumchukia kidogo kidogo kila jioni mbele ya ukuta ule.

Siku ikafika, Jumamosi ya Novemba. Senge aliondoka alfajiri na wazee wawili wa ukoo wa mumewe, si Mzee Joel, kwa pikapu ya kukodi. Alivaa kitenge kipya. Akaniambia niwashe moto, nipike nyama, nioshe vikombe vipya, na nisiende popote. "Jioni tutakuja na watu," akasema. Akanishika bega, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Nilipika. Nilipanga vikombe. Nyumba ilikuwa tulivu na ile rangi ilikuwa tulivu, na nitasema ukweli, ilikuwa nzuri. Mwanga wa mchana uliingia dirishani ukakaa ukutani bila kurudi machoni. Nilivaa viatu. Niliposikia pikapu inakuja kutoka barabarani, nilichukua mfuko nikatokea mlango wa nyuma, nikaingia katikati ya chai.

Mtu akiinama ndani ya chai iliyokomaa haonekani. Ningeweza kushuka na mistari mpaka mtoni, nikavuka, nikashika barabara. Lakini nilitaka kumwona huyo mwanaume, angalau nijue kama nilimchora sawa. Nikachungulia. Wakashuka wazee wawili. Akashuka mama mrefu. Akashuka Senge. Kisha akashuka msichana wa rika langu, kichwa kimefunikwa shuka, mtoto wa kike amefungwa mgongoni. Baada yake hakushuka mtu mwingine. Gari likageuza likaondoka.

Msichana akatembea mpaka mlangoni, akasimama. Hakuingia. Nilijua anafanya nini, kwa sababu nilikuwa nimeiona harusini tangu utotoni: bibi harusi akifika hasogei mpaka aahidiwe vitu. Mzee mmoja akaahidi mtamba. Mwingine akaahidi kondoo. Senge akaahidi mistari ya chai, ile ya juu karibu na njia, ambayo ni mizuri kuliko yote. Nilikuwa bado nimechutama, bado sielewi, natafuta bwana harusi kwa macho. Ndipo mzee mmoja akamwambia msichana kwa sauti ambayo niliisikia mpaka nilipokuwa, "Huyu Rael ndiye amekuoa, binti yangu. Nyumba hii ilikuwa inaanguka na wewe ndiye toloch yake."

Toloch ni ile nguzo inayoegemezwa nyumba isianguke. Basi nikaelewa, vyote kwa pamoja, mpaka nikakaa chini kwenye matope. Ilikuwa desturi ya zamani, nilikuwa naisikia kwa wazee lakini sikuwahi kufikiri inaweza kuingia nyumba yenye kalenda za kanisa: mwanamke asiye na mtoto anaoa mwanamke, ili watoto wa huyo aliyeolewa, baba yao awe nani, wawe watoto wa nyumba ile, na shamba lisiende kwa shemeji. Ng'ombe walikuwa wa kutoka. Rafiki mgonjwa alikuwa baba wa msichana, na mama mrefu alikuwa mtu wao. Kanisa lingemwondoa kitini, na kweli lilimwondoa, akakaa benchi la nyuma miaka mingi akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Na mimi kweli ndiye niliyekuwa "wa hapa", lakini wa kumzoea mgeni, si wa kuozwa.

Msichana alikuwa bado hajaingia. Aliinua macho, akaangalia ndani ya nyumba kupitia mlango, akauona ukuta, na uso wake ukabadilika. Wakati huohuo Senge aligeuka akaniona, nimeinuka bila kujua, nimesimama katikati ya chai na mfuko begani na matope mpaka magotini. Aliangalia mfuko. Aliangalia viatu. Nadhani alielewa yote kwa mara moja pia, na sikuwahi kuona mtu akiumia bila kubadilisha sauti.

"Chelangat," akasema. "Watu wa nyumba wanaahidi. Ni zamu yako. Utampa nini?"

Sikuwa na kitu. "Kitanda changu," nikasema. "Mimi naenda chuo."

Wazee wakacheka. Msichana akaniangalia kutoka chini ya shuka yake, kutoka viatuni mpaka usoni, kisha akainua mguu akaingia.

Huyo ndiye Nelly. Mtoto wa mgongoni ni Cherono, ambaye leo yuko jikoni anaamuru watu. Kibet alizaliwa baadaye. Mzee Joel alipiga kelele miezi mingi, akapeleka maneno kwa chifu na kwa mchungaji, na ua wa michongoma ukakoma kutembea. Senge aliniambia mara moja tu, akikamua ng'ombe, kwa nini alinificha: kwamba mimi nilikuwa nazungumza na kila mtu kwenye kituo cha chai, na Joel angejua kabla ya ng'ombe kutoka boma. Kisha akaniuliza, "Kweli ulifikiri mimi naweza kukufanyia hivyo?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kukamua. Januari alinisindikiza mpaka stendi akiwa amenibebea sanduku, na hatukuzungumzia tena.

Kwa miaka yote hii nimekuwa nikiisimulia hadithi hii kama kichekesho. Msichana anajificha kwenye chai akimkimbia bwana harusi ambaye hayupo. Watu wanacheka, na mimi nacheka. Na nilikuwa namalizia na ukuta, jinsi Nelly alivyouona mti wa kwao ukutani akaingia kwa furaha. Jana mchana, Kibet alipokwenda kuleta maji, Nelly alikuja akakaa nami katikati ya sebule. Amenenepa, ana mvi, na huvaa miwani ya Senge kwa sababu anasema bado inafanya kazi. Nikamwuliza anakumbuka siku ile alivyofurahi.

"Kufurahi?" akasema. "Niliogopa. Leleshwa kwetu tulikuwa tunachoma makaa. Ni kichaka ya kufyeka. Niliona ile ukuta nikasema, huyu mama amefika mpaka mlangoni kwetu ameniangalia, na mimi sikumwona. Ningekimbia, lakini nilikuwa na mtoto."

"Hukutaka kuja?"

"Baba aliniuliza mara moja. Nikanyamaza. Kunyamaza yangu ikahesabiwa ndiyo."

Kile nilichokiogopa mwaka mzima, kile nilichokifungia mfuko, kilitokea kweli. Kilimtokea mtu mwingine wa umri wangu, mbele ya macho yangu, nami nikatoka kwenye chai nikiwa nimefarijika nikampa kitanda.

"Kwa nini uliingia, basi?"

"Kwa sababu yako." Akatabasamu. "Nilikuona na hiyo mfuko. Nikasema, hata wa hapa anataka kutoroka, na amerudi. Wacha niingie nione amerudia nini." Akageuza miwani mikononi. "Halafu Rael alikuwa mtu mzuri. Hiyo nayo ni ukweli. Alinipenda na watoto wangu mpaka mwisho. Lakini hii rangi tumepaka tena na tena, kila ikichakaa ni ileile, na mimi sijawahi kuipenda hata siku moja."

"Sasa unataka gani?"

Akanyamaza. Nje watu walikuwa wanasimamisha hema na mtu alikuwa anapasua kuni. Nilitaka kumsaidia, nimtajie rangi mbili tatu, ni tabia ya mwalimu. Nikajizuia. Nilingoja, nikaendelea kungoja, kwa sababu sikutaka kunyamaza kwake kuhesabiwe mara ya pili. Kibet akarudi na ndoo ya maji, akatukuta vile, akaangalia huku na huku.

Nelly akasimama. "Hapo alipokuwa anakaa Rael, acha ikae hivyo," akamwambia mwanawe, akionyesha ukuta ulio nyuma ya kiti cha Senge. Kisha akatoka nje. Tulimwona dirishani akipita kati ya watu wa hema, akienda mpaka pale kwenye kona ya boma panapoota senetwet ya kuoshea vibuyu, ambayo msimu huu imejaa maua. Akavunja tawi. Akarudi nalo, maua ya njano yakidondoka mabichi sakafuni, akaliweka juu ya mkebe wa rangi.

"Mama," Kibet akasema, "hii ni mti. Na ni matanga. Watu watasema nini wakikuta njano?"

"Nimeulizwa, nimejibu," Nelly akasema. "Koroga."